Jina la Mvuvi Katika Nchi ya Ng'ombe

Katika barabara ya Magadi, baina ya Ongata Rongai na Kiserian, upo mtaa uitwao Nkoroi. Hapo kale palikuwa malisho ya Wamaasai. Siku hizi ardhi imegawanywa viwanja, nyumba za mawe zimejengwa, na watu wa makabila mengi wanakaa jirani kwa jirani. Mwalimu aitapo majina darasani asubuhi, husikika jina la Kimaasai lenye ole, na la Kikuyu, na la Kikamba, na la Kiluo, na kila mtoto hulichukua jina lake la mwisho kuwa ndilo jina la ukoo. Walakini mengi ya majina hayo, miaka mia moja iliyopita, hayakuwa ya ukoo hata kidogo. Yalikuwa ya mtu mmoja tu, babu au baba wa babu, aliyepewa na wazee wake.

Jina la mtu mmoja hugeukaje kuwa jina la vizazi vyote? Jambo hili halikuanza Kajiado. Wajerumani, ambao wazee wa pwani waliwaita Wadachi, walilipitia zamani sana, na jina lao moja lilifika mpaka nchi ya Wamaasai likabaki huko. Jina hilo ni Fischer, na maana yake ni Mvuvi.

Hapo kale Mjerumani alikuwa na jina moja, Heinrich au Konrad, nalo lilimtosha, kwa kuwa kijiji kilikuwa kidogo na kila mtu alimjua mwenziwe. Tangu karne ya 12 miji ikaanza kukua, hasa pande za magharibi na kusini. Ikawa katika mji mmoja wako akina Heinrich kumi, na karani wa kodi asijue ni yupi aliyelipa na ni yupi aliyejificha. Basi kando ya jina akaandika alama ya kumtambulisha mtu: kazi yake, au jina la baba yake, au kijiji alikotoka, au hata umbo la mwili wake. Huyu Heinrich ni mvuvi, yule ni mwenye kinu, na yule wa tatu ni mfupi.

Mwanzoni alama hiyo haikurithiwa. Mwana wa mvuvi akijifunza uhunzi, aliandikwa Mhunzi. Lakini palipokuwa na nyumba au shamba au deni la kurithi, ilimfaa mwana ajulikane kwa neno lile lile aliloandikiwa baba yake, na hivyo polepole neno likaganda. Si kila mahali lilipoganda upesi. Katika pwani ya Friesland watu waliendelea kuitana kwa jina la baba, ambalo lilibadilika kila kizazi, mfano wa bin na binti wa Mombasa na Lamu. Waliendelea hivyo mpaka mwaka 1811, ndipo Napoleon, aliyekuwa ameitwaa nchi ile, alipoamuru kila nyumba ichague jina moja lisilobadilika tena.

Leo majina yaliyo mengi kuliko yote katika Ujerumani ni Müller, yaani mwenye kinu, Schmidt, mhunzi, Schneider, mshonaji, na la nne ndilo Fischer. Huenda msomaji akashangaa, kwa maana Wajerumani wengi hukaa mbali na bahari. Sababu ni mito na mabwawa. Kanisa la zamani lilikataza nyama siku za Ijumaa na katika Kwaresima, samaki akaruhusiwa. Hivyo watawa walichimba mabwawa wakafuga samaki, na kila mji wenye mto ulikuwa na wavuvi wake. Kwa sababu hiyo akina Fischer si ukoo mmoja. Kila mji ulizaa wa kwake, na Fischer wa kusini hana udugu na Fischer wa mashariki kuliko alivyo nao mtu mwingine yeyote. Hapa wanatofautiana kabisa na Wamaasai, ambao wawili wa Ilmolelian wakikutana njiani, hata kama mmoja ametoka Narok na mwingine Longido, hujuana kuwa ni wa mlango mmoja.

Naye Gustav Fischer alizaliwa mwaka 1848 katika mji wa Barmen, mji wa wafumaji wa nguo. Alisomea udaktari, akafika Unguja katika miaka ya 1870 akaganga wagonjwa huko, na mwaka 1878 alisafiri na Mjerumani mwenziwe, Clemens Denhardt, katika nchi za mto Tana. Mwezi wa Desemba 1882 aliondoka Pangani na msafara wa wapagazi, akakusudia kuikata nchi ya Wamaasai. Alipita kando ya ziwa Natron akaenda kaskazini. Njiani ilimpasa kulipa hongo kwa wamorani, yaani shanga na nyaya na nguo, kabla ya kuruhusiwa kupita au kuteka maji. Alifika Naivasha mwaka 1883, na hapo akazuiliwa, ikambidi arudi pwani. Katika bonde la Njorowa, karibu na ziwa lile, imesimama nguzo ya mwamba iliyotokana na volkano, nayo huitwa Mnara wa Fischer mpaka leo. Maandishi ya safari yake yalichapwa Hamburg mwaka 1885. Mwaka uliofuata alikufa Berlin, umri wake miaka 38, amerudi punde tu kutoka safari ya pili, ambayo alikwenda mpaka ziwa Viktoria kumtafuta Daktari Junker aliyekwama huko kaskazini.

Jambo la ajabu kidogo ni kwamba mtu aitwaye Mvuvi aliomba njia kwa watu ambao kwa desturi yao hawakula samaki kabisa. Wao hawakujua maana ya jina lake, na haikuwa na haja, maana yeye mwenyewe alikuwa mganga. Ndivyo yalivyo majina yaliyoganda: kazi huondoka, neno hubaki. Joschka Fischer, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Ujerumani tangu 1998 hata 2005, baba yake alikuwa mchinjaji.

Nyumba ya Waziri huyo ilikuwa imekaa vizazi vingi katika nchi ya Hungaria, ikahama mwaka 1946, baada ya Vita Kuu ya Pili. Na wengine wengi wenye majina ya Kijerumani walitawanyika. Mwaka 1763 Malkia Katarina wa Urusi aliwaita wakulima waje kulima kando ya mto Volga. Wajukuu wa wale waliokwenda walifukuziwa Siberia na Kazakhstan mwaka 1941. Mamilioni walivuka bahari kwenda Marekani katika karne ya 19, na huko makarani na majirani walilisikia jina kwa masikio ya Kiingereza, hata akina Fischer wengi wakawa Fisher. Herufi moja imeondoka, na mjukuu atafutaye asili yake lazima atafute kwa tahajia mbili. Katika Afrika ya Kusini jina hili lilijulikana sana kwa ajili ya Bram Fischer, wakili wa kabila la Makaburu, aliyewatetea Nelson Mandela na wenzake katika kesi ya Rivonia ya 1963 na 1964. Baadaye yeye mwenyewe alihukumiwa kifungo cha maisha.

Sasa turudi Kajiado, ambako mambo yaliyowachukua Wajerumani miaka mia nne yametendeka katika vizazi vitatu au vinne. Mmaasai alikuwa na mlango wake, kama Ilmakesen au Ilaiser au Ilukumai, na milango yote imo katika pande mbili, Odomong'i na Orok-kiteng. Lakini mlango hautumiwi kumwita mtu. Hutambulikana kwa alama za ng'ombe na kwa sheria za ndoa. Mtu aliitwa kwa jina lake, na ole ya baba yake ikafuata. Kisha vikaja vipande katika miaka ya 1920, na baadaye sheria ya mwaka 1968 ya ranchi za vikundi, ambayo ilitaka majina ya wanachama yaandikwe katika daftari. Aliyeandikwa kwa kawaida alikuwa mwanamume mkuu wa boma. Ranchi zilipogawanywa, jina lile likahamia katika hati ya shamba.

Hapo ndipo tahajia ilipokuwa mali. Karani mmoja aliandika jina pamoja na ole, mwingine akaiacha. Mmoja aliandika herufi mbili, mwingine moja. Mzee akifa, wanawe huleta vitambulisho vyenye jina la namna moja na hati yenye jina la namna nyingine, na hulazimika kuapa mbele ya wakili kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Mjane, ambaye mara nyingi jina lake halikuandikwa popote, taabu yake huzidi. Jirani wa Nkoroi anunuaye kiwanja hufanya vyema kulinganisha herufi zote kabla ya kutoa fedha.

Kajiado Kaskazini, ambamo Nkoroi imo, ilipata kuwa na Mbunge mwenye asili ya pande zote mbili. Huyo ni John Keen, aliyefariki mwaka 2016. Baba yake alikuwa Mjerumani na mama yake Mmaasai. Jina Keen na jina la Kijerumani Kühn ni ndugu wa shina moja la kale, lenye maana ya ushujaa. Mmaasai yeyote angelikubali jina hilo pasipo kuuliza maana mara ya pili, na pengine kuliko la Mvuvi.

Lakini la Mvuvi halikuondoka. Katika mbuga kavu zielekeazo Amboseli yuko kuzi wa rangi ya kijivu, na kandokando ya njia ndege mdogo arukaye kwa makundi kutoka majani mafupi. Wataalamu wa ndege huwaita wote wawili kwa jina la Fischer. Mchungaji apitaye na ng'ombe wake huwaona kila siku.