Mgonjwa Arudi Kazini Lini?

Akina mama wasomaji, sisi wauguzi tunajua kuwa siku ya kuruhusiwa kutoka wodini siyo siku ya kupona. Aliyepasuliwa tumbo anaweza kuandika barua ofisini wiki nyingi kabla hajaweza kubeba ndoo. Je, huyo ni mgonjwa au mzima?

Nchini Uingereza swali hilo limebadili taratibu. Zamani cheti cha daktari kilikuwa na majibu mawili tu: mtu aache kazi au asiache. Tangu Aprili 2010 lipo jibu la katikati: anaweza kufanya kazi, ila apunguziwe saa, abadilishiwe majukumu au arudi kidogo kidogo. Na tangu Julai 2022 wauguzi nao wanaruhusiwa kukitia sahihi. Tumefurahi! Anayemsafisha mgonjwa kidonda ndiye huona mapema kama mkono umeanza kupata nguvu.

Upande wa fedha, hapo hatukubaliani nao. Mwaka 2008 walianzisha posho mpya ya wagonjwa, pamoja na kipimo cha uwezo wa kufanya kazi. Walioonekana wanaweza kujiandaa kurudi kazini walipewa nyongeza. Aprili 2017 nyongeza hiyo, kama pauni 29 kwa wiki, ikaondolewa kwa waombaji wapya, eti wahimizike kutafuta kazi. Mwenye maumivu ya mgongo akikosa nauli ya kwenda kliniki, atahimizika vipi? Kinachomrudisha ni matibabu, na mwajiri anayekubali kumpa kiti badala ya kumwacha asimame kutwa.