Mguu wa Kushoto Unapofundishwa Breki

Upande wa magharibi wa mji wa Buffalo, jimbo la New York, Kiswahili si lugha ya kushtukia. Familia nyingi kutoka Kongo, Burundi na Somalia zimepata makazi huko, na mtu akipita mtaa wa Grant anaweza kusikia salamu za Bukavu na Bujumbura. Wengi wa madereva wao walijifunza udereva kwenye gari la gia za mkono: Corolla kuukuu, Hiace ya abiria, Canter ya mizigo. Marekani wamekabidhiwa otomatiki. Mguu wa kulia unafanya kazi yote, wa kushoto unakaa tu sakafuni kutoka nyumbani hadi kiwandani. Kisha majira ya baridi yanaingia, upepo unaovuka Ziwa Erie unamwaga theluji mjini, na siku moja dereva anakata kona kama alivyozoea, lakini gari linaendelea kwenda mbele utadhani usukani haujaguswa.

Madereva wa Skandinavia walikumbana na tatizo hilo zaidi ya miaka 60 iliyopita, na jibu lao lilikuwa kuupa mguu wa kushoto kazi ya breki huku wa kulia ukibaki kwenye mafuta. Leo mbinu hiyo ni ya kawaida kwa madereva wa mbio za magari duniani. Anayeshindana kwa kujifurahisha, iwe Buffalo au Nairobi, naye anaweza kujifunza, mradi aelewe mambo mawili: gari linafanya nini mguu huo unapogusa breki, na kwa nini mguu wenyewe mwanzoni unakataa kutii.

Tairi hushika barabara kwa kadiri ya uzito unaoligandamiza. Uzito huo hautulii mahali pamoja, na abiria aliyesimama ndani ya daladala anajua hivyo bila kusoma fizikia: dereva akifunga breki, wote wanaelemea mbele. Tuchukue gari la kilo 1,200 ambalo ekseli zake zimeachana kwa mita 2.5, kitovu chake cha uzito kikiwa nusu mita kutoka chini. Likiwa limesimama, tuseme matairi ya mbele yanabeba kilo 720 na ya nyuma 480, kwa kuwa injini iko mbele. Dereva akifunga breki kali kwenye lami kavu, kasi ikishuka kwa kiwango cha asilimia 80 ya mvutano wa dunia, mzigo wa kilo 192 unahamia mbele. Ghafla matairi ya mbele yanabeba kilo 912 na ya nyuma 288. Kwenye theluji, breki zikifikia asilimia 20 tu, zinahamia kilo 48. Ni chache, lakini palipo na utelezi, hizo chache ndizo zinazoamua kama pua ya gari itageuka au itagoma.

Sasa mtazame dereva anayetumia mguu mmoja kwa pedeli zote mbili. Anafunga breki, mzigo unakuja mbele, matairi ya usukani yanapata nguvu. Halafu anauinua mguu kuupeleka kwenye mafuta. Katika kipande hicho cha muda hakuna pedeli iliyokanyagwa. Springi za mbele zinafumka, pua inainuka, na mzigo unarudi nyuma wakati uleule ambao dereva anauhitaji mbele ili akate kona. Kipande hicho kikiwa cha sekunde 0.2 tu, gari lililo kwenye kilomita 100 kwa saa limeshasonga mita 5 na nusu. Watu hudhani faida kubwa ya mguu wa kushoto ni kuokoa muda huo. Kwangu mimi faida kubwa ni kwamba gari halipati nafasi ya kuyumba: breki inaachiwa polepole huku mafuta yakiingia polepole, na mzigo unahama kwa mwendo ambao dereva ameuchagua.

Uhondo wenyewe uko kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, ambalo ndilo wengi wetu tunalo. Breki ya mguu hukamata magurudumu yote manne, ilhali injini inayazungusha ya mbele peke yake. Dereva akikanyaga breki kidogo bila kuachia mafuta, kule mbele injini na breki zinashindana na kufutana kwa sehemu. Nyuma hakuna injini ya kushindana na breki, kwa hiyo magurudumu ya nyuma yanaisikia yote. Tairi nalo lina akiba moja tu ya mshiko, na akiba hiyohiyo hutumika kwa kufunga breki na kwa kulizuia gari lisiserereke pembeni. Tairi la nyuma likishatumia sehemu ya akiba kwenye breki, linabaki na kidogo cha kupambana na msereroko. Nyuma ya gari inaanza kuchapa nje, pua inaingia kwenye kona. Dereva akilegeza mguu wa kushoto, nyuma inashika tena na gari linanyooka, na muda wote huo injini haijaacha kuvuta. Mguu wa kushoto umekuwa usukani wa pili.

Handbreki nayo hugeuza gari, na vijana wengi wanaipenda kwa sababu hiyo. Lakini ni rahisi sana kwa handbreki kuyafunga magurudumu ya nyuma kabisa, na tairi lililofungwa halimsikilizi mtu. Mguu unaweza kupima gramu kwa gramu. Ieleweke pia kwamba kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma hesabu inabadilika: injini inafuta breki ya nyuma badala ya ile ya mbele, kwa hiyo mbinu hii hulituliza gari kuliko kuligeuza. Na kwenye gari lenye turbo, kutoachia mafuta hadi mwisho huifanya turbo iendelee kuzunguka, injini iwe na nguvu tayari kona inapofunguka.

Afrika Mashariki iliuona ufundi huu mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Msweden Erik Carlsson, mshindi wa rali ya Monte Carlo mwaka 1962 na 1963, alikuja kwenye rali ya Safari akiwa na Saab 96, gari dogo lenye injini ya silinda tatu ya cc 841, ya viharusi viwili kama ya pikipiki za zamani. Injini ya namna hiyo hulainishwa na oili iliyochanganywa kwenye petroli. Gari likishuka mlima dereva akiwa ameachia mafuta, injini inazungushwa kwa kasi huku oili haiingii, na inaweza kukwama. Saab waliweka kifaa kinachoitenga injini na magurudumu kila mafuta yanapoachiwa. Kwa hiyo gari halikuwa na msaada wa injini katika kupunguza mwendo, na nguvu zake zilipatikana pale tu injini inapolia kwa mizunguko mingi. Dereva wa gari kama hilo ana kila sababu ya kushikilia mafuta na kufunga breki kwa mguu mwingine. Isitoshe, kifaa hichohicho kilimwezesha kubadili gia bila klachi, na mguu wa kushoto ukawa huru.

Matokeo yalionekana kwenye vumbi na tope letu. Mwaka 1962 Pat Moss wa Uingereza alimaliza Safari akiwa wa tatu kwa Saab hiyohiyo. Mwaka 1963 Carlsson alikuwa anaongoza alipogonga muhanga usiku na kushindwa kumaliza. Mwaka ule magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho. Mwaka 1964 alirudi, akawa wa pili nyuma ya Ford Cortina ya Peter Hughes wa Kenya. Baadaye Mfini Rauno Aaltonen, mmoja wa waliousambaza ufundi huu kupitia Mini Cooper huko Ulaya, aliifuata Safari miaka mingi na kushika nafasi ya pili mara kadhaa bila kuishinda. Mfini mwenzake Harri Rovanperä alikuwa wa pili mwaka 2002, kabla ya Safari kutoka kwenye mashindano ya dunia. Ilirejea mwaka 2021 kule Naivasha, na mwaka uliofuata mshindi akawa mwana wa Harri, Kalle, ambaye dunia ilimwona kwenye video akiendesha gari kwenye theluji akiwa na miaka minane. Njia imekuwa wazi pande zote mbili: mwaka huohuo wa 2022 Mkenya McRae Kimathi alikwenda Sweden na Ford Fiesta kushindana kwenye theluji. Theluji ya Sweden na vumbi laini la Naivasha ni ndugu kwa jicho la tairi.

Tuje kwenye mguu wenyewe. Aliyezoea gari la gia za mkono akijaribu kufunga breki kwa mguu wa kushoto kwa mara ya kwanza, kwa kawaida gari linasimama kwa kishindo na mkanda unamkaza kifuani. Anadhani mguu wake ni dhaifu, kumbe una nguvu na umesoma vizuri. Ulichosoma ni somo jingine. Klachi hupimwa kwa umbali: unaizamisha hadi chini, kisha unaitafuta sehemu inaposhika. Breki hupimwa kwa nguvu. Pedeli yake ikishakaza haisogei sana, na tofauti kati ya kupunguza mwendo na kusimama ghafla iko kwenye mgandamizo. Klachi husukumwa na paja, mguu mzima ukiwa hewani. Breki nzuri hufanywa na kifundo cha mguu, kisigino kikiwa kimetulia sakafuni. Aliyeendesha Hiace miaka kumi ana kumbukumbu imara ya klachi, na kumbukumbu hiyo ndiyo inayorukia breki.

Kuibadilisha ni kazi ya ubongo. Mguu wa kushoto huamriwa na upande wa kulia wa ubongo, na kule nyuma serebelamu hulinganisha kilichotarajiwa na kilichotokea, kisha husahihisha amri ijayo. Kila kusimama kwa kishindo ni taarifa. Wanasaikolojia Paul Fitts na Michael Posner walieleza mwaka 1967 kwamba ujuzi wa mwili hupita hatua tatu: ya kufikiria kila tendo, ya kuunganisha matendo, na ya kutenda bila kufikiri. Hatari iko katikati, kwa kuwa aliyestushwa hurudi kwenye tabia ya zamani, na mguu wa klachi ukirudi kwenye zamani yake juu ya pedeli ya breki, gari la nyuma litakuingia. Kwa sababu hiyo sioni uhalali wowote wa kuanzia barabarani kwenye magari ya watu.

Pa kuanzia ni uwanja mtupu, kwa ruhusa ya mwenye uwanja. Vaa kiatu cha soli nyembamba. Gari likiwa limesimama na injini inawaka, gandamiza breki kwa kushoto mara nyingi, ukiongeza na kupunguza nguvu bila mguu kuondoka kwenye pedeli. Kisha nenda kilomita 20 kwa saa na usimame taratibu, hadi kichwa kisitikisike. Ukifika hapo ndipo uongeze mafuta kidogo na breki kidogo kwa wakati mmoja, kwenye mstari ulionyooka. Kona zinafuata baada ya hayo, kwa duara pana. Vipindi vifupi vyenye usingizi kati yake vinafaa kuliko siku moja ndefu, kwa sababu ubongo huendelea kuimarisha ujuzi wa mwili wakati umelala. Gokati za kukodi pia husaidia kuuzoesha mguu, maana hazina klachi na breki iko kushoto, ingawa wenye viwanja huwa hawaruhusu pedeli mbili kukanyagwa pamoja. Kwa wanaojifunza kwenye kompyuta, nunua pedeli zenye kihisi cha nguvu ukiweza. Zile za bei rahisi hupima umbali, na kwa hiyo huufundisha mguu klachi nyingine.

Mkazi wa Buffalo, Columbus au Louisville ana bahati ambayo wengi hawaijui. Sports Car Club of America, iliyoanzishwa mwaka 1944, ina matawi yanayoandaa mashindano ya koni kwenye maegesho makubwa: gari moja moja, dhidi ya saa, kwa gari lako la kila siku na kofia ngumu. Kaskazini ya Columbus uko uwanja wa Mid-Ohio, na kutoka Louisville ni yapata saa mbili hadi uwanja wa Bowling Green uliofunguliwa mwaka 2014. Kenya ina mashindano yake ya autokrosi, na huko ndiko wengi wanaoota Safari wanapaswa kuanzia.

Kabla ya yote, lijue gari lako. Magari mengi ya kisasa hukata mafuta yenyewe pedeli mbili zikikanyagwa pamoja, na kwa hayo mbinu ya kuchanganya haiwezekani. Utabaki na faida ya kuhama haraka tu. Servo ya breki kwenye injini nyingi za petroli hutegemea mnyonyo wa hewa wa injini, na mafuta yakiwa yamefunguka sana mnyonyo huo unapotea: ukibonyeza breki mara kadhaa hivyo, pedeli inakuwa ngumu kama jiwe. Joto nalo ni la kuheshimiwa, kwani injini na breki zinaposhindana, nishati yote inaishia kwenye diski. Oili ya breki ya daraja la DOT 4 ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini hunyonya unyevu kadiri miezi inavyopita, na ikishanyonya vya kutosha kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Ikichemka, mapovu yanaingia kwenye mirija na pedeli inazama bila kushika. Kwa hiyo ibadilishe kabla ya msimu, na baada ya kila mzunguko wa nguvu zunguka polepole breki zipoe. Ukiegesha, weka gia au P na kigingi chini ya tairi, handbreki usiivute hadi diski zitakapopoa.