Sahani ya Mtoto Katika Nchi ya Ndizi

Mgeni afikaye Kaagya, katika Wilaya ya Bukoba, kisha akashika njia ya kusini hata Muleba, haoni dalili yoyote ya njaa. Huona migomba imefunika nyumba, mibuni chini ya migomba, maharage chini ya mibuni, na uani mparachichi, mpapai, na pengine mfenesi uliobeba mafenesi shinani kama mizigo. Mgeni huyo akiambiwa kwamba katika nchi hii watoto wengi hawakui inavyopasa, atadhani anafanyiwa mzaha.

Lakini hesabu ipo. Uchunguzi wa lishe wa taifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Kagera watoto wapatao 40 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka 5 walikuwa wamedumaa, yaani kimo chao kilikuwa kifupi kuliko umri wao unavyodai. Wastani wa nchi nzima ulikuwa 32. Wala Kagera haiko peke yake. Ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Tooro huko Uganda, ambako watu hula ndizi na maharage kama sisi, uchunguzi wa mwaka 2016 ulikuta hali hiyo hiyo: watoto wapatao 41 katika kila 100. Basi tumbo lililojaa si ushahidi kwamba mtoto amelishwa.

Twajua tutakalojibiwa. Tutaambiwa kwamba ndizi nayo ni tunda, na mtoto wa Kihaya hula ndizi asubuhi na jioni. Jibu hilo ni la werevu, lakini halisaidii. Ndizi ya kupika, iliyomenywa ikiwa mbichi na kuchemshwa, ni wanga. Hutia nguvu ya kucheza na kukimbia. Haijengi mwili kama maharage, dagaa, yai au maziwa, na ile vitamini A inayolinda macho na kuupa mwili nguvu ya kupigana na maradhi imo ndani yake kwa uchache tu. Tena tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Likishajazwa ndizi, hapana nafasi ya kitu kingine.

Yatupasa tuwe wakweli katika jambo hili. Matunda na mboga peke yake hayataondoa udumavu. Yapo maji machafu, yapo minyoo, ipo malaria, upo mzigo wa kazi unaomwelemea mama angali mjamzito. Walakini katika mambo hayo yote hili la mboga na matunda ndilo linaloweza kuanza leo jioni bila kungoja fedha ya mtu, kwa sababu vitu vyenyewe vimeota uani.

Kwa nini basi havifiki katika sahani? Sababu ya kwanza ni heshima, au tuseme kiburi. Katika nyumba nyingi mboga ya majani huhesabiwa kuwa chakula cha shida, kitu cha kumtengea mtu asiyekuwa na samaki. Mgeni akija, mchicha hufichwa. Mtoto huyaona hayo, na akiisha kujua kuongea husema hataki majani. Tunda nalo halihesabiwi kuwa chakula kabisa, bali ni mchezo wa watoto. Kijana wa miaka 8 hujitafutia mwenyewe: hupanda mpera, hupopoa maembe kwa mawe, hufukuzwa na wenye miti, hurudi tena. Huyu hatumhofii sana. Tunayemhofia ni mdogo wake wa mwaka mmoja na nusu, ambaye hawezi kupanda mti wala kurusha jiwe, naye hula kile tu kinachotiwa kinywani mwake na mkono wa mtu mwingine.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, na wanaume hawapendi kuisikia. Kwa desturi, kibanja ni cha mwanamume. Mgomba ni wake, mbuni ni wake, na samadi yote hupelekwa huko. Mama aghalabu hupewa nafasi ya kulima maharage na karanga kwenye rweya, mahali pa nyasi penye udongo dhaifu, mbali na nyumba. Parachichi likikomaa hupakiwa kwenye kikapu kwenda sokoni, na fedha yake huingia katika mfuko ambao mama hana ufunguo wake. Jioni baba hurudi na soda na biskuti kwa ajili ya watoto, akidhani amewafanyia hisani. Amebadilisha dhahabu kwa bati!

Hatusemi watu wasiuze matunda. Mtu ana ada na madaftari ya kulipia. Twasema kwamba katika mkungu, katika kikapu, katika mti, fungu la mtoto litengwe kabla ya fungu la soko. Na kipande cha ardhi karibu na jiko, hata kikiwa na upana wa mikeka michache, kitiwe samadi na kuachwa mikononi mwa mama kwa mchicha, mnavu, nyanya chungu na maboga. Boga lina faida mbili, kwani nyama yake ya manjano na majani yake vyote huliwa.

Kiasi chenyewe si cha kutisha. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 5 apate angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku, na wa miaka 6 hadi 9 gramu 350. Kipande cha papai, pera moja au mawili na mboga kidogo mara mbili kwa siku hukaribia hapo. Tena vyakula hivi husaidiana. Madini ya chuma yaliyomo katika maharage huingia mwilini kwa shida, lakini mtoto akila pera pamoja na maharage hayo, vitamini C ya pera huyarahisishia njia. Na pera linayo vitamini hiyo kuliko hata chungwa. Vitamini A ya boga na ya mchicha huhitaji mafuta ili itumike mwilini, na asiyeweza kununua mafuta anaweza kuponda parachichi ndani ya chakula cha mtoto. Mboga isichemshwe hata ikapoteza rangi, wala maji yake yasimwagwe.

Mtoto akitema, mama asikate tamaa. Wachunguzi wa mambo ya watoto wameona kwamba chakula kigeni hupaswa kuonjeshwa mara 8 au 10, na pengine zaidi, kabla mtoto hajakizoea. Kumpiga hakufai. Watu wa Bukoba wenyewe wajua jinsi amri inavyopokewa: mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilipotaka kuwalazimisha namna ya kutunza mibuni yao, walikataa mpaka zikatokea ghasia. Mtoto ni mjukuu wa watu hao. Baba akiketi na kula mchicha mbele yake, tena kwa hamu, mtoto atanyosha mkono.

Liko pia jambo la serikali za mitaa. Mwaka 2017 wakuu wa mikoa walitia saini mkataba wa lishe, ukatiwa saini upya mwaka 2022, na halmashauri zikatakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kila mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 5. Wanachama na wafanyakazi wanaohudhuria mikutano ya vijiji na kata wana haki ya kumwuliza diwani wao: katika kata yetu watoto hao ni wangapi, fedha yao ilitoka lini, na ilinunua nini? Swali hilo liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na jibu lake lisomwe katika mkutano unaofuata.