Vipandikizi vya Chai Katika Nchi ya Baridi

Mtu atokaye mjini Nakuru, akapita Njoro na Molo hata kufika Kuresoi na Olenguruone, huona nchi ikipanda na baridi ikizidi. Mji wa Nakuru uko kama mita 1,850 juu ya bahari. Molo hukaribia mita 2,500. Huko juu mahindi hukawia kukomaa, na kipandikizi cha chai nacho hukawia kutoa mizizi. Mkulima asiyelijua jambo hili huweza kuiharibu kazi yake kwa mikono yake mwenyewe.

Chai ililetwa Kenya mwaka wa 1903, ikapandwa Limuru kwa mbegu. Ubaya wa mbegu ni kwamba watoto hawafanani: mmoja huzaa sana, mwingine kidogo. Lakini kipandikizi ni kipande cha mti-mama, nacho hurithi tabia zake zote. Ndiyo sababu aina bora kama TRFK 6/8 huenezwa kwa njia hii. Basi yampasa mkulima kuchagua mti-mama kwa uangalifu, kwa kuwa mchai huweza kuchumwa zaidi ya miaka 50, na akatae katika mti dhaifu atawarithisha wanawe udhaifu huo. Tena si vema kujaza shamba zima aina moja, maana ugonjwa uiwezao aina hiyo utalimaliza shamba lote.

Matawi hukatwa asubuhi na mapema, yakafunikwa kwa gunia lililoloweshwa. Ncha laini hutupwa, na sehemu ngumu iliyogeuka rangi ya kahawia hutupwa vilevile. Iliyo katikati ndiyo ifaayo. Kila kipande huwa na jani moja na kijiti cha sentimita 3 hivi chini yake, nacho hukatwa kwa kisu kikali bila kuumiza chipukizi lililo kwapani mwa jani.

Mifuko ya miche hujazwa udongo uliochimbwa chini, usio na samadi wala majivu. Chai hupenda udongo wenye asidi, na majivu huiondoa asidi hiyo. Kwa sababu hiyo chai hudhoofika mahali palipokuwa na nyumba au jiko zamani. Vipande vikisha kupandwa, humwagiwa maji, kisha hufunikwa kwa karatasi ya plastiki juu ya fito zilizopindwa, kingo zake zikafukiwa udongoni. Juu yake huwekwa kivuli. Jani lisilo na mizizi hupoteza maji wala haliwezi kunywa ya kutosha. Mvuke uliofungiwa ndani ndio unaolihifadhi.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Baada ya miezi miwili jani lingali kijani, pengine chipukizi limeanza kutokeza, na mkulima hudhani mizizi imeota. Kumbe huko chini pana uvimbe mweupe tu. Akifunua, upepo wa Mau hukausha majani, na taabu yake yote hupotea. Penye joto miezi mitatu huweza kutosha. Penye baridi huhitajika minne au zaidi. Afadhali kupasua mfuko mmoja na kutazama mizizi kwa macho kuliko kuipoteza mifuko elfu. Hata mizizi ikiisha kuonekana, plastiki hufunuliwa kidogo kidogo, kwa muda wa majuma kadhaa, ili miche izoee hewa ya nje.

Mahali pa kitalu pia pana maana. Hewa ya baridi ni nzito; usiku usio na mawingu huteremka kama maji na kutuama mabondeni, na hapo ndipo umande huganda. Januari 2012 umande wa namna hiyo uliunguza chai katika sehemu za Kericho na Nandi. Heri kitalu kiwe kwenye mteremko, karibu na maji, penye kinga ya upepo.

Kwa hiyo mkulima wa Olenguruone asiogope baridi kwa ajili ya vipandikizi vyake. Baridi huvichelewesha tu. Kinachoviua ni haraka ya mwenye kitalu.