Mboga za Masika na Jiko la Mkaa

Kati ya Machi na Mei, mvua za masika zinapoipiga pwani ya Tanzania, mboga za majani huwa tele. Mchicha, matembele, majani ya maboga na ya kunde huchipuka hata kandokando ya nyumba, na kitoweo cha familia nzima hupatikana kwa gharama ndogo. Lakini ndio msimu pia ambapo jiko la mkaa, lililozoea kukaa uani, huingizwa ndani kwa sababu ya mvua na upepo. Madirisha hufungwa, na chakula hupikwa mumo humo walimojikunyata watoto.

Kwa tabibu, swali la kwanza kuhusu mlo wa jioni ya tufani ni muda: chakula kitakaa motoni kwa kitambo gani? Kisamvu, kwa mfano, hakifai jioni hiyo. Majani ya muhogo yana viambata vinavyotoa sianidi, hivyo hutakiwa kutwangwa vyema, kisha kuchemshwa kwa muda mrefu chungu kikiwa wazi ili sumu itoke pamoja na mvuke. Kuharakisha ni hatari. Kukaa na moto huo chumbani madirisha yakiwa yamefungwa ni hatari nyingine. Maharage makavu nayo yasubiri siku ya jua, isipokuwa kama yalichemshwa mchana.

Mchicha hauna masharti hayo. Huoshwa kabla ya kukatwa, kwa maji safi na salama yanayobadilishwa mara mbili au tatu, maana bustani nyingi za mijini ziko mabondeni, na maji ya mafuriko hupitia vyooni kabla ya kufika huko. Kitunguu na nyanya hukaangwa kwa mafuta kidogo, mchicha hutiwa ukiwa na unyevu wake bila kuongezewa maji, sufuria hufunikwa, na baada ya dakika tano hivi umekwisha kulainika. Tui la nazi likiongezwa ni bora zaidi, na faida yake haiishii kwenye utamu: karotini iliyomo katika majani, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hufyonzwa vyema penye mafuta. Ndimu hukamuliwa mwishoni, sahanini; vitamini C yake husaidia madini ya chuma ya mboga kuingia mwilini. Chai ya rangi huyazuia madini hayo, kwa hiyo ingoje saa moja baada ya chakula. Ni ushauri mgumu usiku wa baridi, ila kwa mjamzito mwenye upungufu wa damu una uzito.

Kuhusu jiko lenyewe, wengi hudhani kwamba mkaa ukishakolea na moshi kuisha, hatari imekwisha. Sivyo. Makaa mekundu yasiyofuka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayoizidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mahali pa jiko ni barazani, chini ya paa. Pasipo na baraza, mlango na dirisha viachwe wazi, na jiko litolewe nje mara tu sufuria inapoipuliwa. Lisibakizwe kamwe kupasha joto chumba cha kulala.

Mgonjwa anayefika zahanati usiku wa masika akilalamikia kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu hupimwa malaria, na ni haki apimwe. Lakini ikiwa hana homa, na wenzake wa nyumba moja wanaumwa vivyo hivyo, aulizwe chakula kilipikiwa wapi. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kisiaminiwe hapo: hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba sumu, hivyo huweza kuonyesha kiwango cha kawaida. Oksijeni ya kiwango cha juu kwa barakoa ianzishwe bila kungoja. Katika hewa ya kawaida, sumu iliyomo katika damu hupungua kwa nusu kwa muda wa saa 4 hadi 5. Kwa oksijeni tupu, huchukua takriban saa 1 na nusu. Mjamzito huendelea kupewa oksijeni kwa muda mrefu zaidi hata akijisikia nafuu, kwa kuwa mtoto aliye tumboni huchelewa kuitoa sumu hiyo.