Mnasali Wapi?

Wanandoa wapya wakihamia Goba, Kibamba au Chanika, majirani huwa na maswali mawili hata kabla mizigo haijaisha kushushwa kwenye kirikuu: kwenu ni wapi, na mnasali wapi? La kwanza hujibiwa papo hapo. La pili ndilo linalowafanya mume na mke watazamane, hasa kama ndoa yao ni ya aina ninayokutana nayo sana siku hizi: kijana wa Machame kaoa binti wa Kibosho. Wote Wachaga, wote walibatizwa wakiwa wachanga, wote Desemba wanapanda basi la Moshi. Ila mume ni Mlutheri na mke ni Mkatoliki, na Dar es Salaam haina bonde la kuwaonyesha usharika unaishia wapi na parokia inaanzia wapi.

Kijijini hakuna aliyetafuta kanisa. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakaendelea hadi Kibosho. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walipofika mlimani mwaka 1893, walianzia Machame. Tangu hapo mtu alipata dhehebu kama alivyopata kihamba, shamba la ukoo, kwa kuzaliwa upande fulani wa mto. Kwingine nako mambo ni hayohayo. Ukiambiwa mtu katoka Rungwe unakisia kuwa ni Mmoraviani, maana Wamoraviani wako huko tangu 1891. Wa Peramiho ni mtoto wa Wabenedikti. Wa Masasi huenda akawa Mwanglikana, tena wa ubani mwingi kuliko hata wa Wakatoliki.

Ndoa za mchanganyiko zilikuwapo tangu zamani, na desturi ilimaliza ubishi mapema: mke humfuata mume. Binti alikwenda mafundisho, akapokelewa usharikani, akanunuliwa kitabu cha Tumwabudu Mungu Wetu, basi. Hakubatizwa upya, kwa kuwa makanisa haya mawili yanatambuana ubatizo. Leo binti huyo ana mshahara wake, na shuleni alikuwa kiongozi wa TYCS ya wanafunzi Wakatoliki wakati mwenzake yuko UKWATA ya Waprotestanti. Kumwambia ahame kwa sababu tu kaolewa ni kumtafuta maneno. Kanisa lake nalo lina sharti: ndoa mseto huombewa kibali, na upande Mkatoliki huahidi kufanya kila uwezalo watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Wakwe wakilisikia hilo kwenye kikao, chumba kizima hunyamaza. Nimekaa kwenye kikao kimoja cha namna hiyo, na aliyetuokoa ni mshenga, aliyeomba mbege iletwe kabla ya wakati wake.

Basi wanandoa wetu wa mjini wanazunguka kanisa hadi kanisa. Kwa Walutheri mgeni hana pa kujificha. Matangazo yakifika, mzee wa kanisa anaomba wageni wasimame, wajitambulishe, waseme wametoka usharika gani, nao wanapigiwa makofi. Ibada ikiisha watu hawatawanyiki, kwa sababu nje kuna mnada. Asiyekuwa na fedha taslimu kaleta alichonacho: mkungu wa ndizi, trei ya mayai, jogoo aliyefungwa miguu. Mnadi huchaguliwa kwa ucheshi wake. Papai moja linapandishwa hadi bei ambayo sokoni Mabibo ingekupatia tenga zima, na aliyelishinda anasema, “Wapelekeeni wale wageni wetu.” Kuanzia hapo wanandoa wana jina na wana deni la kurudi.

Misani ni kinyume. Misa ya kwanza inaanza saa 12 asubuhi, watu wa misa ya pili tayari wamejaa mlangoni, na unaweza kusali mwaka mzima bila mtu kukuuliza lolote.

Wengine hukata shauri la kutokwenda kwa baba wala kwa mama. Wanaingia kwa walokole karibu na stendi, kwenye turubai, viti vya plastiki na spika zinazosikika hadi barabarani. Huko hakuna anayejali Machame wala Kibosho, na raha yake ni kubwa. Bei inakuja baadaye, kwenye ubatizo wa maji mengi, na simu ya Moshi haikawii.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Nasikia mmebatizwa tena. Kwani sisi tuliwabatiza kwa nini, soda?”

Nionavyo mimi, vijana hawa hutafuta mahali sipo. Wanapima mahubiri, kwaya, urefu wa matangazo, hata maegesho. Kumbe Mkristo wa mjini anajulikana kwenye jumuiya, nyumbani kwa watu, Jumamosi alfajiri. Maaskofu Wakatoliki wa AMECEA, umoja wao wa Afrika Mashariki, waliokutana Nairobi mwaka 1976 walizifanya jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele cha uchungaji, na kwa Watanzania waliokwisha kuzoea nyumba kumikumi jambo hilo halikuwa geni. Walutheri nao wana jumuiya zao za mtaani. Kwa Wakatoliki, viatu vinaachwa mlangoni, mshumaa unawashwa kwenye meza iliyofunikwa kitambaa, inasomwa Injili ya kesho, na kila mmoja anasema neno lililomgusa. Kuna mama ambaye kila wiki huguswa na neno lilelile, wala hakuna anayemcheka. Kisha kikapu cha sadaka, daftari la mahudhurio, na taarifa: nani kalazwa, nani kafiwa, nani bado hajatoa mchango. Baadhi ya jumuiya zimekataza chai, ili mwenye nyumba maskini asiogope zamu yake.

Karatasi nazo hupitia hapo. Ukitaka kubatizisha mtoto au kufunga ndoa, ofisi ya parokia itakudai barua ya mwenyekiti wa jumuiya. Na ukifiwa, hao ndio wanaofika na masufuria, viti na rozari kabla ndugu hawajatoka Moshi. Nyumba isiyojulikana popote, msiba wake huanza kwa ndugu kupiga simu huku na huko wakitafuta nani atamzika marehemu.

Wanandoa ninaowafahamu wamefika hapa: mke kajiandikisha jumuiya ya mtaani kwao, mume kahamishia barua yake usharikani na anatoa bahasha zake kama kawaida. Jumamosi humsindikiza mkewe, na kwa kuwa ni mhasibu, wanajumuiya wamekwisha kumkabidhi hesabu za michango ya misiba, Mlutheri hivyohivyo. Mtoto wao bado hajabatizwa. Mabibi wawili wameshanunua gauni jeupe, kila mmoja la kwake.