Uzi wa Kufumia Kabla ya Kufika Sindanoni

Uzi wa kufumia hununuliwa kwa uzito, hutumiwa kwa urefu na husifiwa kwa ulaini wake mkononi, na yote matatu hubadilika kati ya kiwanda na sindano kutokana na namna uzi ulivyokunjwa na mahali ulipowekwa. Sufu, yaani uzi wa manyoya ya kondoo, huathirika kuliko nyuzi nyingi, kwa kuwa imeumbwa kwa keratini, protini iliyomo pia katika kucha na nywele za binadamu, ambayo hunyonya mvuke wa hewani hadi kufikia takriban asilimia 30 ya uzito wake bila anayeishika kuhisi majimaji. Pamba hunyonya kiasi kidogo zaidi, na akriliki, uzi wa viwandani utokanao na petroli ambao umejaa madukani Afrika Mashariki, karibu hainyonyi kitu.

Tabia hiyo ya sufu ilizua ugomvi wa kibiashara zamani, maana mfanyabiashara aliyehifadhi mzigo wake katika ghala lenye unyevu aliweza kuuza maji kwa bei ya sufu. Kwa sababu hiyo mji wa Bradford, uliokuwa kitovu cha biashara ya sufu nchini Uingereza, ulijenga mwanzoni mwa karne ya 20 jengo mahususi la kupimia unyevu wa mizigo, na mpaka leo maabara za nguo hupima nyuzi katika hewa yenye nyuzijoto 20 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 65. Mombasa na Dar es Salaam huvuka kiwango hicho cha unyevu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na hapo ndipo kuvu huanza kupata riziki yake.

Jambo ambalo wafumaji wengi hulipuuza ni mkazo, yaani nguvu inayouvuta uzi wakati wa kuzungushwa. Uzi wa koni, unaotengenezwa kwa ajili ya mashine, huzungushwa kwa kukazwa na mara nyingi hupakwa mafuta au nta ili upite bila kukwama. Sufu iliyokaa hivyo kwa miezi hubaki imenyooka, na haijirudi katika urefu wake wa asili mpaka iguswe na maji. Mwenye kufuma moja kwa moja kutoka kwenye koni hupima kipande cha majaribio, akaridhika na vipimo vyake, kisha sweta likishafuliwa hupungua upana na urefu, na lawama zote zikaangukia sabuni. Dawa yake ni kuufungua uzi, kuukunja kwa duara kubwa lililofungwa kwa vikamba sehemu chache, kuuosha na kuuanika bila kuutundikia uzito. Anayeviringisha donge kwa mkono naye afanye vyema kupitisha uzi juu ya vidole viwili au vitatu, kisha avichomoe kila baada ya mizunguko kadhaa, ili donge libaki limelegea kama mkate uliochachuka.

Mfuko wa plastiki huaminiwa kupita kiasi. Ni kweli kwamba huzuia vumbi na wadudu, lakini uzi uliofungiwa humo ukiwa na unyevu hukaa na unyevu huo, na joto likipanda mchana na kushuka usiku matone hujitokeza ndani ya mfuko. Aidha, baadhi ya plastiki hutiwa kemikali iitwayo BHT ili isizeeke haraka. Kemikali hiyo huhamia kwenye uzi na, ikikutana na gesi za oksidi za nitrojeni kutoka kwenye magari au majiko, huacha rangi ya manjano kwenye uzi mweupe, ingawa mara nyingi hufifia ukiwekwa juani. Jua hilohilo hupausha nyuzi za rangi, kwa hiyo kuzipanga dirishani ni pambo la gharama. Mfuko wa kitambaa cha pamba, uliowekwa mahali pakavu penye giza, unafaa zaidi, mradi karatasi ya kiwandani ibaki ndani yake, kwani namba ya mkupuo wa rangi iliyoandikwa humo ndiyo itakayomwezesha mfumaji kupata uzi unaolingana ule wa kwanza ukimwishia.

Nondo mzima hali sufu. Viwavi wake ndio walaji, nao hupendelea uzi wenye jasho au uchafu, huku akriliki tupu ikiwa si chakula chao. Kuufungia uzi vizuri katika mfuko wa plastiki na kuuweka wiki mbili kwenye friza ya nyuzijoto 18 chini ya sifuri huua viwavi na mayai, ila uzi usifunguliwe mpaka urudi kwenye joto la chumba, ili mvuke ugeuke matone nje ya mfuko. Wengi hukimbilia vidonge vya naftalini, ambavyo hufanya kazi kwa mvuke wake, na mvuke huo huingia katika uzi na kukaa. Kwa mtoto mchanga aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali iliyoenea barani Afrika, naftalini inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu na kumletea manjano kali. Kwa hiyo uzi wa kofia, soksi na sweta za watoto usihifadhiwe kamwe pamoja na naftalini.